Abigail alikuwa mtoto

John Proctor alipomkamata Abigail Williams nywele na kumwita malaya mbele ya majaji, ukumbi ulilipuka kwa makofi. Nilikuwa safu ya tatu, kwenye onyesho la wanachuo walioigiza The Crucible, tamthilia ya Arthur Miller kuhusu kesi za uchawi za Salem, katika koloni la Waingereza la Massachusetts, Amerika. Waliigiza kwa Kiingereza, na kwa kweli walijitahidi. Nyuma yangu kijana mmoja alisema kwa sauti, "Safi! Mkomeshe huyo." Kabla ya hapo Tituba, mtumwa wa mchungaji wa kijiji, alikuwa ameingia jukwaani na masizi usoni, shanga shingoni na kibuyu mkononi, kama mganga wa filamu za Bongo, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Makofi yale na kicheko kile vimenikaa rohoni tangu siku hiyo. Abigail Williams aliyeishi Salem mwaka 1692 alikuwa na miaka 11, labda 12. John Proctor alikuwa na miaka kama 60. Hakuna hati inayoonyesha kwamba mtoto huyo aliwahi hata kufanya kazi nyumbani kwa Proctor, seuze kulala naye kama tamthilia inavyosimulia. Na Tituba, kila asili yake ilipotajwa katika kumbukumbu za kesi, ameandikwa kuwa Mhindi, kwa maana waliyoitumia Waingereza wa wakati ule kuwaita wenyeji wa asili wa Amerika. Hakuna karani aliyemwandika kuwa Mwafrika. Kwa hiyo yule tuliyemshangilia akitukanwa na yule tuliyemcheka, wote wawili wametoka kwenye kalamu ya Miller.

Miller hakuficha. Mwanzoni mwa kitabu aliweka maelezo mafupi: kwamba kazi hii si historia kwa maana ya wanahistoria, kwamba amempandisha Abigail umri, amepunguza idadi ya wasichana waliodai kurogwa, na majaji wengi amewakusanya ndani ya wawili, Hathorne na Danforth. Ni uungwana kusema hivyo. Kwetu Ebrahim Hussein alifanya jambo linalofanana alipomwandika Kinjeketile, kiongozi wa Maji Maji: alieleza kwamba mhusika wake amebuniwa na hapaswi kuchukuliwa kuwa ndiye yule mtu wa Ngarambe. Ila maelezo ya namna hiyo hubaki kitabuni. Aliyekata tiketi na kukaa kitini hayaoni, na anachorudi nacho nyumbani ni picha ya msichana wa miaka 17 aliyemtamani mume wa mtu na kuangamiza kijiji kizima kwa wivu.

Sina ugomvi na ubunifu. Kesi za Salem zilichukua zaidi ya mwaka, watu zaidi ya 150 wakashtakiwa, 19 wakanyongwa, mzee Giles Corey wa miaka kama 80 akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwa sababu alikataa kujibu shtaka, na wengine wasiopungua watano wakafia gerezani. Hakuna jukwaa linaloweza kubeba yote hayo kwa saa tatu. Lazima majaji wapunguzwe, lazima siku zisogezwe. Katika tamthilia Rebecca Nurse anapelekwa kitanzini pamoja na Proctor, ilhali mama yule alinyongwa tarehe 19 Julai na Proctor tarehe 19 Agosti. Mwezi mmoja haubadilishi maana ya chochote. Hata Danforth namwachia Miller, ingawa namhurumia marehemu. Danforth wa kweli alihoji washtakiwa mwezi Aprili, lakini hakuketi katika mahakama iliyonyonga watu, na kufikia Oktoba alihesabiwa miongoni mwa wasioridhika na kesi zile. Jaji mkuu alikuwa William Stoughton, na huyu hakuwahi kuomba radhi. Mwenzake Samuel Sewall alisimama kanisani Boston mwezi Januari 1697, toba yake ikasomwa kwa sauti mbele ya waumini. Stoughton hakufanya hivyo.

Kinachonisumbua ni mzigo wa ubunifu umetuliwa kwenye mgongo wa nani.

Tunajua Miller alianzia wapi, maana alisimulia mwenyewe. Aliliona tukio moja dogo katika kumbukumbu za tarehe 11 Aprili 1692, siku Elizabeth Proctor, mke wa John, alipohojiwa. Abigail aliinua mkono amekunja ngumi ili ampige. Mkono ulipomkaribia yule mama, ngumi ikafunguka, ukashuka taratibu, vidole vikagusa kidogo tu kofia ya kitambaa aliyovaa kichwani. Papo hapo mtoto akapiga kelele kwamba vidole vyake vinaungua. Ndivyo karani alivyoandika.

Soma tena ukikumbuka umri wake. Mtoto wa miaka 11 amesimama katikati ya ukumbi uliojaa wanaume wazito wa serikali na kanisa. Anataka kumpiga mtu mzima, anashindwa, anamgusa kofia, halafu analia. Mimi naona hofu hapo, na naona mtoto asiyejua tena mchezo unaishia wapi wala nani atamruhusu kuuacha. Miller aliona mpenzi wa zamani anayeshindwa kumpiga mke wa mtu aliyelala naye. Kutoka kwenye vidole vile akajenga zinaa, na juu ya zinaa akajenga tamthilia yote.

Sababu zake nazielewa. Tamthilia ilionyeshwa kwa mara ya kwanza New York tarehe 22 Januari 1953, wakati Wamarekani wakihojiwa mbele ya kamati za bunge kuhusu ukomunisti na kutakiwa kuwataja wenzao. Aprili 1952 rafiki yake mkubwa, mwongozaji Elia Kazan, aliwataja watu. Mwaka 1956 zamu ikamfikia Miller mwenyewe. Akakataa kutaja mtu, akatiwa hatiani mwaka uliofuata kwa kulidharau Bunge, na hukumu ikafutwa mwaka 1958. Mtu aliyeandika kuhusu Proctor akikataa kuchafua majina ya wengine aliishi alichokiandika. Alihitaji shujaa mwenye doa, mtu anayejiona hafai kunyongwa pamoja na wasafi kama Rebecca Nurse, halafu dakika ya mwisho agundue kwamba anafaa. Bila dhambi ya siri hakuna safari hiyo. Na lile tukio ambamo Elizabeth, aliyesifiwa kwamba hajui kusema uongo, anadanganya mara moja tu maishani ili kumwokoa mumewe na kwa uongo huo anamtia kitanzini, nimelisoma mara nyingi na bado linanitoa machozi.

Lakini tazama kilichotoka nje ya jukwaa ili zinaa iingie.

Walitoka watu wazima. Mtoto wa kike wa miaka 11 hakuwa na uwezo wa kufungua kesi Massachusetts. Malalamiko ya kwanza, ya tarehe 29 Februari 1692, yalipelekwa na wanaume wanne, na mmoja wao alikuwa Thomas Putnam, baba wa Ann Putnam, mmoja wa wasichana walioshtaki. Putnam huyohuyo ndiye aliyeandika kwa mkono wake sehemu kubwa ya maelezo ya wasichana wale. Tamthilia inamwonyesha kama mtu mwenye tamaa ya mashamba, na hilo ni kweli kwa kiasi, lakini jukwaani anabaki pembeni wakati Abigail ndiye anayeendesha gari. Hati zinaonyesha vinginevyo. Mtoto alipiga kelele, baba akachukua kalamu, hakimu akatoa amri ya kukamata, mchungaji akahubiri. Koloni lilikuwa limepoteza hati yake ya utawala tangu 1684 na mpya ilifika Mei 1692 pamoja na Gavana William Phips. Kaskazini kulikuwa na vita na Wawabanaki, wenyeji wa asili wa huko, na baadhi ya wasichana walioshtaki walikuwa yatima wa vita hivyo, wakitumika kama wasichana wa kazi katika nyumba za watu. Watu walikuwa wameshiba hofu kabla mtoto yeyote hajaanguka kifafa.

Na ilitoka serikali yenye mikono. Katika The Crucible mahakama ni mabishano makali ya maneno na imani. Robert Calef, mfanyabiashara wa Boston aliyeandika kuhusu kesi hizi akiwa bado na mashahidi hai, anaeleza sherifu alivyofika nyumbani kwa Proctor wakati mume na mke wako kizuizini. Alichukua mifugo, mingine akaiuza nusu bei, mingine akaichinja. Akamwaga bia iliyokuwa ndani ya pipa, akaondoka na pipa. Akamwaga mchuzi uliokuwa ndani ya chungu, akaondoka na chungu. Watoto wakabaki ndani ya nyumba isiyo na kitu. Mimi nikifikiria Salem, sioni mwituni usiku na wasichana wanaocheza uchi kuzunguka moto, jambo ambalo pia haliko kwenye hati yoyote. Naona mchuzi ule sakafuni na watoto wakiuangalia.

Proctor wa kweli naye alikuwa na utata wake, na si ule aliopewa. Alikuwa mwenye kilabu cha pombe kando ya njia ya Ipswich, na mke wake Elizabeth alikuwa wa tatu. Mary Warren, msichana wake wa kazi, alipoanza kuanguka kama wenzake, Proctor alimkalisha kwenye gurudumu la kusokotea nyuzi na kumtishia kipigo. Alijisifu kwa jirani kwamba dawa hiyo ilifanya kazi hadi siku alipoondoka nyumbani. Mtu huyu aliyeamini fimbo ndiye aliyeandika barua kutoka gerezani tarehe 23 Julai kwa wachungaji wa Boston, akieleza kwamba vijana walifungwa shingo na visigino pamoja ili wakiri, na kwamba mwanawe William alifungwa hivyo mpaka damu ikamtoka puani. Mwandishi angekuwa na shujaa mwenye doa bila kuazima ukahaba kwa mtoto: mtu aliyemtishia msichana wa kazi kipigo ili anyamaze, halafu akaona dola ikimtesa mwanawe ili aseme.

Mchungaji John Hale ni mfano mwingine. Jukwaani anaiacha mahakama kwa sababu dhamiri imemsuta, na tunampenda kwa hilo. Hale wa Beverly aliendelea kuunga mkono kesi kwa miezi, na alianza kugeuka vuli ile mke wake mwenyewe alipotajwa kuwa mchawi. Mtu anayejifunza pale tu moto unapofika mlangoni kwake namwelewa zaidi, kwa sababu namfahamu. Ninyi pia mnamfahamu.

Kuna pia mambo ya kweli ambayo mwandishi asingeweza kuyabuni vizuri zaidi. Baraza la wazee wa mahakama lilimwona Rebecca Nurse, mama wa miaka 71, hana hatia. Majaji hawakuridhika, wakalirudisha likatafakari upya. Suala lilikuwa sentensi moja aliyoisema mama yule alipoona mfungwa mwenzake analetwa kutoa ushahidi: kwamba huyo ni mmoja wetu. Alimaanisha mfungwa mwenzetu. Wao walisikia mchawi mwenzetu. Alipoulizwa afafanue hakujibu, kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito na moyo umejaa huzuni, kama alivyoeleza baadaye. Kimya hicho kikamnyonga. Na siku aliyonyongwa Proctor, mchungaji George Burroughs alisimama chini ya kitanzi akasali Baba Yetu bila kukosea hata neno, jambo ambalo watu waliamini mchawi hawezi. Umati ukaanza kutikisika. Cotton Mather, mchungaji wa Boston, akiwa juu ya farasi, akawakumbusha kwamba shetani hujigeuza malaika wa nuru. Unyongaji ukaendelea.

Halafu yuko Dorothy Good. Alikuwa na miaka minne au mitano. Alishtakiwa uchawi, akahojiwa, akafungwa minyororo gerezani kwa miezi kama minane, na wakati huo mama yake, Sarah Good, akanyongwa. Miaka mingi baadaye baba yake aliiandikia serikali kwamba binti huyo hakuwahi kuwa sawa kiakili tena. Katika The Crucible hakuna mtoto aliyefungwa minyororo. Ninaamini ukimweka Dorothy jukwaani kwa dakika tano tu, hakuna atakayempigia makofi mtu anayemvuta nywele Abigail, kwa maana utaona kwamba wote wawili ni watoto waliotumiwa, mmoja upande wa mashtaka na mmoja kizimbani.

Kwa Tituba nina uchungu zaidi. Hati zinasema alikuwa mtumwa wa Mchungaji Samuel Parris, aliyewahi kuishi Barbados, na kwamba aliishi na mtumwa mwenzake aliyeitwa John Indian. Dawa pekee inayohusishwa naye ni mkate wa unga wa ngano nyeusi uliochanganywa na mkojo wa watoto wagonjwa, akalishwa mbwa ili mchawi ajulikane. Aliyeshauri mkate huo ni jirani yao Mary Sibley, Mwingereza, muumini wa kanisa la Parris, naye alikemewa mbele ya waumini. Ulikuwa uganga wa Kiingereza kutoka Uingereza. Lakini katika tamthilia Tituba ni mwanamke mweusi anayeimba nyimbo za Barbados msituni, akiwapikia wasichana wa kizungu dawa yenye damu ya kuku. Miller hakuanza yeye. Waandishi wa karne ya 19 walishaanza kumbadilisha Tituba rangi kidogo kidogo, naye akampokea tayari mweusi, akamwachia uganga wote. Hivyo uchawi wa Waingereza ukahamishwa kutoka kwao ukabebeshwa mtu mweusi, na sisi, miaka 300 na zaidi baadaye, tukakaa ukumbini Afrika Mashariki tukamwongezea masizi na kibuyu.

Hapa ndipo ubunifu unapotugusa sisi moja kwa moja. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yao ni mekundu kwa moshi wa miaka mingi wa kupikia. Kisii, Mei 2008, watu 11 walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Kilifi wazee wanaishi kwa woga wa watoto wao wenyewe wanaotaka shamba. Katika kila kisa cha namna hii kuna mtu wa pembeni anayesema chanzo ni mwanamke fulani: mama mkwe mwenye roho mbaya, mke mdogo mwenye wivu, binti aliyechezea waganga. Maelezo hayo yanaridhisha haraka, kwa hiyo hakuna anayeuliza shamba limeenda kwa nani na mwenyekiti wa kijiji alikuwa wapi usiku ule. The Crucible, kazi iliyoandikwa kwa hasira ya haki dhidi ya dola, inatuachia mlango huohuo wa kutokea: ilikuwa wivu wa msichana na dawa za mwanamke mweusi.

Mwishoni mwa kitabu, katika maelezo ya nini kiliwapata wahusika baadaye, Miller anaandika kwamba inasemekana Abigail alionekana Boston akiwa kahaba. Kumbukumbu hazimfuati hata kidogo. Baada ya 1692 anapotea, kama walivyopotea mabinti wengi wasio na wazazi. Hapa jukwaa lilikuwa limeshamaliza kazi yake, pazia limeshuka, hakuna tena haja ya mhusika wa kubuni. Bado mtoto yule hakurudishiwa jina lake. Katika tamthilia ambayo kilele chake ni mwanamume anayekubali kufa kuliko kupoteza jina, hilo ni kosa ambalo nashindwa kulisamehe.

Sisemi iachwe. Nimeona wanafunzi wakitetemeka kwa tukio la mwisho, na kutetemeka kule ni kwa kweli. Nasema mwongozaji anayeichukua kesho asome hati kabla ya kugawa nafasi, kisha aamue. Mwenye kuigiza Tituba afutwe masizi, kibuyu kirudi stoo. Na kabla taa hazijawaka kwa tukio la kwanza, mtu asimame asome mistari michache ya tarehe 1 Machi 1692, siku mtumwa yule aliposimamishwa mbele ya John Hathorne. Hathorne alimuuliza ana urafiki na pepo gani. Akajibu: hakuna. Akamuuliza mbona anawadhuru watoto hawa. Akajibu: siwadhuru. Kukiri kulikuja baada ya hapo, na baadaye alisema bwana wake alimpiga ili akiri. Alikaa gerezani mpaka 1693, Parris akikataa kumlipia gharama za kifungo, hadi mtu mwingine alipozilipa na kumchukua.